Kijiti cha Kaingu

Mwaka ule wa njaa, themanini na nne, mimi na Kaingu tuliacha kazi ya chumvi Marereni tukaenda kwao Jilore. Alikuwa ametoka nyumbani siku nyingi, hata salamu hakutuma. Mkewe, Kadzo, alipotuona uani aliangusha kata ya maji akakimbilia ndani.

Kumbe walikwisha kumzika. Maiti iliyoharibika ilitolewa mto Sabaki imevaa shati kama lake, wakaililia. Halafu mtoto wao, Dena, akashikwa na homa, na Kadzo akaota mumewe amesimama mlangoni anasema, "Naona baridi." Kwa Wagiriama, marehemu akija hivyo husimikiwa kijiti uani, kikafungwa kitambaa, ili koma yake, yaani roho, itulie. Wakamsimikia. Homa ikakatika.

"Basi kosa limeonekana," nikasema. "King'oeni tule."

Kadzo alicheka huku analia. Kaingu hakucheka.

"Mama Dena, huyo aliyekuja kulalamika baridi alikuwa nani?"

"Si wewe, baba Dena?"

"Mimi nilikuwa Marereni, natokwa jasho."

"Ilikuwa ndoto, bwana," nikamwambia.

"Na hii? Umejuaje kama hii siyo? Labda nilikufa maji kweli. Labda wewe, na mke wangu, na kuku hao, nyote naoteshwa tu ili nitulie."

"Basi anayekuotesha bahili sana. Hata nyama hakukuwekea!"

Akainuka akaking'oa kile kijiti. Kesho yake Dena akarudiwa na homa, macho yamepanda juu. Kadzo akampigia mumewe magoti.

"Kirudishe."

"Nikikirudisha nimekubali kwamba nimekufa."

"Mtoto anakwenda, Kaingu! Kirudishe!"

Akakirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Jioni mtoto akaomba uji.

Nilimweleza mpaka nikachoka: homa ya Jilore huja ikaenda, huku kuna mbu.

"Mbu nao naoteshwa," akasema.

Pengine angezoea. Lakini siku ya pili yake Kadzo alileta sima na mchicha, na kwa vile mkono ulikwisha kuzoea, akamega tonge la kwanza, akaliweka chini penye kijiti, akaita, "Kaingu, pokea ule."

Kaingu alikuwa ameketi hapo hapo, mkono ameunyoosha kwenye sahani. Akautazama mkono wake. Akaurudisha mapajani.

Kadzo akajiziba mdomo. "Nisamehe, mume wangu. Nimesahau. Kula, tafadhali."

"Nimekwisha kula," akasema, kwa upole kabisa.

Tangu hapo, kila chakula kikija, jibu lilikuwa hilo hilo. Tulimbembeleza, tukamtukana, tukamshika tukamtia uji kinywani, ukamwagika kidevuni. Akawa anakaa karibu na kijiti, anamtazama Dena akicheza, kama mtu anayeangalia picha iliyotundikwa ukutani.

Mvua haikumkuta.

Tulipotoka kuzika, Kadzo aliwauliza wazee kama asimikiwe kijiti.

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Anacho."