Nzuri, Ila

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, saa tisa alasiri, Kassian Komba alitoa baiskeli yake ya milimani gerejini, akaiacha ya mkewe ikining'inia ukutani na tairi zake zimeshaanza kuisha upepo. Zilinunuliwa siku moja, hizo baiskeli, za rangi moja, kwa mpango wa kupanda pamoja kila mwisho wa juma. Sasa alipanda peke yake, na alipanda sana, maana nyumba ilimshinda kukaa.

Mkewe, Blandina, aliondoka Minnesota mwezi Agosti kwenda Dallas, Marekani hukohuko. Hakuondoka kwa kelele. Alikaa ukingoni mwa kitanda, begi limeshafungwa, akasema, "Kassian, miaka sita nakuuliza habari, unaniambia nzuri. Baba yako kaugua, nzuri. Wamekukata zamu kazini, nzuri. Mimi nimeolewa na salamu. Nimechoka." Na yeye alijibu nini? "Haya, safari njema." Mtu mzima na ndevu zake.

Tusimwonee, lakini. Kwao Mbinga, Tanzania, na tuseme kweli, kwetu sote, ukiulizwa habari unajibu nzuri kwanza, hata kama paa linaungua. Nzuri hiyo ni ya kumkaribisha mtu tu. Baadaye unavuta pumzi, unakuna kichwa, unasema "ila." Ila mtoto anaumwa. Ila tumefiwa. Anayekuuliza anajua kuwa ila inakuja, naye anaisubiri. Kasoro ya Kassian ni kwamba ila yake haikutoka yenyewe. Lazima aivute mwenzake, kama ndoo kisimani. Blandina aliivuta miaka mitano. Mwaka wa sita mikono ilimchoka.

Tangu hapo hakumwambia mtu. Baada ya misa ya Kiswahili, rafiki zake, Allan na mkewe Dorah, walimuuliza, "Shemeji hajambo?" Akajibu, "Hajambo, yuko kazini." Wakasema, "Msalimie." Akasema, "Zimefika." Wiki ikapita, na nyingine, na uongo ukawa mkubwa kiasi kwamba kuukanusha kungekuwa aibu kubwa kuliko kuachwa kwenyewe. Kwenye nyumba ya wagonjwa alikokuwa akifanya kazi, Bloomington, wazee aliowaogesha walikuwa wakimwambia mambo yao yote. Yeye alikuwa akiwasikiliza, akiwafunga vifungo vya shati, akirudi nyumbani kula mkate wamesimama yeye na friji.

Aliendesha kuelekea kusini, akaacha maduka na maghala, akafika mashambani. Mahindi yalikuwa yameshavunwa na mashine, yamebaki mabua mafupi kwa mistari, na mbele ya nyumba moja ya mkulima mtu alikuwa ameweka meza ya maboga bila muuzaji. Mabata bukini walipita juu wakipiga kelele, kundi zima, hakuna hata mmoja aliyeachwa nyuma. Kassian aliwatazama mpaka shingo ikamuuma. Alikuwa mpweke, na upweke wenyewe ulikuwa wa kuumiza mwili, chini ya mbavu, mahali ambapo njaa huuma.

Msituni ilikuwa afadhali. Njia ya baiskeli ilipinda katikati ya mialoni, ikapanda na kushuka, na majani makavu yakatoa sauti chini ya tairi. Ukiwa unashuka kwa kasi huna nafasi ya kuwaza mke. Kwa hiyo alishuka kwa kasi, na kwenye mteremko wa tatu akaongeza badala ya kupunguza. Majani yalikuwa yamefunika mzizi mnene, uliolowa kwa mvua ya jana. Tairi la mbele liliteleza, usukani ukageuka, na Kassian akaruka akaangukia upande wa kulia.

Alipojaribu kusimama, kifundo cha mguu kilimjibu kwa maumivu yaliyomtoa jasho. Akatoa simu mfukoni. Alikuwa ameilalia, kioo kilikuwa kimepasuka vipande na ndani kumekuwa giza. Saa kumi na nusu. Jua huko, mwisho wa Oktoba, linazama kama saa kumi na mbili, na likizama baridi haiombi ruhusa. Alikuwa na sweta moja na chupa ya maji nusu.

Haikupita dakika tano wakatokea vijana wawili wa kike kwa baiskeli, mbio, helmeti zinang'aa.

"Uko sawa?" mmoja aliuliza kwa Kiingereza, miguu ingali kwenye pedeli.

"Niko sawa," alisema Kassian, akatabasamu kabisa, akavuta pumzi.

Alikuwa anakuja na ila, jamani. Ilikuwa tayari ulimini. Lakini hao ni wenyeji wa Minnesota: ukiwaambia uko sawa, uko sawa. Walipunga mkono, wakapotea kwenye kona, na yeye akabaki na mdomo wazi, mguu unavimba ndani ya kiatu.

Akajiona mjinga, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumfichia. Alijaribu kujiburuza akafika hatua kama kumi, akakaa chini ameshika mti. Alipiga kelele mara mbili, kwa aibu, sauti ya mtu anayeita mhudumu hotelini. Msitu ulinyamaza. Vidole vilianza kufa ganzi, na mwanga kati ya matawi ukawa wa kijivu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walisema, na Kassian, aliyewahi kuiandika methali hiyo vizuri sana kwenye mtihani, alielewa sasa kwamba walikuwa wakimsema yeye. Angeweza kulala hapa mpaka asubuhi, na hakuna nyumba hata moja duniani ambayo ingeuliza mbona hajarudi.

Karibu saa kumi na moja na nusu alisikia mnyororo wa baiskeli ukilalamika. Akaja mzee wa Kizungu, taratibu, na ndevu nyeupe.

"Uko sawa?"

"Hapana," alisema Kassian.

Mzee akashuka. Aliilaza baiskeli yake kwenye majani, akasema anaitwa Alvin, akampa bega. Walichukua karibu saa nzima kufika maegesho, wakipumzika kila baada ya miti michache. Alvin alimpakia kwenye pikapu, akawasha hita, akatoa simu.

"Nimpigie nani?"

Namba alizozijua kwa kichwa zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya kazini, na huko wangeuliza kama kesho atakuja. Akataja nyingine.

Blandina alipokea kwa Kiingereza.

"Ni mimi," Kassian alisema.

"Kassian? Namba ya nani hii? Uko salama?"

"Hapana. Nimeanguka na baiskeli, nadhani mguu umevunjika." Hakungoja aulizwe tena. "Na tangu uondoke silali, Blandina. Sijamwambia mtu. Kanisani nasema uko kazini. Siko salama hata kidogo."

Upande wa pili maji yalikuwa yakitiririka kwenye sinki, akasikia yakifungwa.

"Ungeniambia hivyo Julai," alisema Blandina polepole, "leo ningekuwa hapo nakufunga huo mguu." Akakohoa. "Mpe huyo mzee simu."

Alizungumza na Alvin kwa sauti yake ya uuguzi, sauti anayompa mgonjwa yeyote wa zamu yoyote. Asimvue kiatu. Aunyanyue mguu. Ampeleke hospitali yenye eksirei, si kliniki. Kadi ya bima iko kwenye pochi, nyuma ya leseni. Alvin aliitikia ndiyo, ndiyo, akashukuru. Kassian akanyoosha mkono arudishiwe simu.

"Amekata," alisema Alvin. Akaliondoa gari, akaingia barabarani. "Mwanamke mwema. Anakuja?"

"Hapana," Kassian alisema. "Aliniacha mwezi wa nane."

Alvin ndiye mtu wa kwanza kuambiwa, katika jimbo zima la Minnesota. Aliongeza hita, akaendesha polepole kwenye mashimo kwa ajili ya ule mguu, na Kassian akalia kwa sauti mpaka walipofika hospitali ya Burnsville.