Tetea Chini ya Tenga

Mdomo wangu naujua mwenyewe. Kijijini kwetu, nje kidogo ya Chemba, likija jambo la serikali watu husubiri kwanza Mama Mbwana atasema nini. Walileta miche ya kupanda kando ya barabara, nikasema itakauka, ikakauka. Wakachimba kisima, nikasema maji yatakuwa ya chumvi, yakawa ya chumvi. Basi nikajiona mjuzi wa kila kitu.

Halafu wifi yangu Swaumu, mdogo wake mume wangu, akarudi kutoka mafunzoni Dodoma na chanjo ya kuku. Eti tone moja tu jichoni, tena bure, na kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, kitabaki hadithi. Nikamcheka mbele za watu. "Wifi, cha bure kina gharama yake! Kuku wangu nawanywesha mwarobaini na pilipili. Lini umesikia wanaumwa?" Wanawake wenzangu wakaangua kicheko. Swaumu hakukasirika. Alisema tu kwamba mwarobaini haukatazwi, ila nijaribu na hii.

Asubuhi ya siku ya kuchanja nikamkuta tetea wangu mwekundu anasinzia, mabawa yameshuka, kinyesi kijani. Lo! Nikajua ni kideri. Mtu mwenye akili angesema. Mimi nikaona aibu, maana ningemtazamaje Swaumu baada ya maneno yote yale? Nikambeba tetea hadi jikoni, nikamfunika na tenga, juu yake nikatupia gunia.

Swaumu akafika na chupa ya chai iliyojaa barafu, dawa yake humo ndani. Akaniuliza palepale mlangoni, kama anavyouliza kila nyumba.

"Wifi, kuna kuku anayeumwa? Kama yupo niambie, leo niiruke nyumba hii. Chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua. Na nikimshika mgonjwa, au hata aliyelala naye, nitaubeba ugonjwa kwa mikono hii nimpelekee jirani."

"Kuku wangu hawaumwi," nikasema.

Akawachanja waliokuwa uani, mmoja mmoja, kwa upole. Kisha akaenda kwa Paulina, jirani yangu, na nyumba zilizofuata.

Siku chache baadaye kuku wakaanza kufa. Kwangu walikufa, kwa Paulina hakubaki hata kifaranga, na kifo kikaendelea kufuata njia ileile aliyopita Swaumu. Watu wakasema dawa ndiyo imeua. Nani angewalaumu? Wamechanjiwa, wamefiwa. Na wakaja kwangu kunipongeza! "Mama Mbwana, wewe ulituambia." Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha Jenifa, yule binti mwenye pacha, akaapa kisimani kwamba watoto wake hawatachomwa sindano ya surua. "Kama ya kuku ndiyo hii, ya watoto je?" Hapo nikaogopa kwelikweli. Uongo wangu ulikuwa umeacha kuku, sasa unawafuata watoto.

Jana mwenyekiti wetu, Mzee Bartolomayo, akaitisha mkutano kuamua kama chanjo ifukuzwe kijijini. Swaumu alikaa mbele peke yake, mtandio umemfunika nusu ya uso. Mwenyekiti akaniita mimi kwanza, kwa kuwa ndimi niliyeonya.

Nikasimama. "Ugonjwa ulitoka kwangu," nikasema. "Nilikuwa na tetea mgonjwa, nikamficha jikoni. Swaumu aliniuliza, nikamdanganya. Dawa haina kosa, na yeye hana kosa."

Halafu Paulina akatikisa kichwa, machozi yanamlengalenga. "Jamani, mawifi wa namna hii wako wapi siku hizi? Anajitwika aibu ili amsitiri ndugu wa mumewe!" Wakanipigia makofi. Nikaapa, wallahi nikaapa, nao wakazidi kupiga makofi. Mikono ikanyooshwa, chanjo ikafukuzwa.

Nje Swaumu alikuwa ananisubiri. Yeye peke yake aliniamini, na heri angenitukana.

"Nilikuuliza mlangoni, wifi," akasema.

"Uliniuliza. Nisamehe."

Akaufunga mtandio wake upya. "Kesho ni siku ya kliniki ya wale pacha. Mimi Jenifa hanifungulii mlango tena. Nenda wewe."

Nikaenda mbio, kanga mkononi. Jenifa akaniamkia shikamoo kwa heshima zote, akanipangusia kigoda, akaniletea maji. Nikamweleza mambo yote tangu mwanzo, la tetea, la tenga, la aibu yangu. Nikamshika miguu awapeleke watoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, pacha wake wamelala mapajani, mmoja huku mmoja kule.

"Mama Mbwana, inuka bwana," akasema, akinifuta machozi kwa ncha ya kanga yake. "Usijitese kwa ajili ya wifi yako. Sisi tunakuamini wewe. Siwapeleki."