Kifaa Kilichonyamazishwa

Marubani wenzake walimwita Pamba, maana alitua kwa ulaini hata abiria waliosinzia hawakushtuka. Mkewe naye alikuwa rubani. Mchana huo walikuwa wanashuka pamoja, kila mmoja na ndege yake, kuelekea njia mbili za kutulia ndege zilizo sambamba. Mke alimsikia mumewe redioni akijibu mnara wa kuongozea ndege kwa ile sauti yake ya kujidai, akatabasamu.

Njia zile zilikaribiana mno. Kifaa cha kuzuia ndege zisigongane kilipiga kelele hata pale kila mtu alipokuwa mahali pake. Kelele hizo zilimchosha Pamba, akawa anakigeuza kitoe tahadhari tu, kisitoe amri. Mkewe alimsema wee, mpaka akachoka.

Safari hii Pamba alichelewa kukata kona. Ndege yake ikapitiliza njia yake, ikaja moja kwa moja upande wa mkewe.

"Panda! Panda!" kifaa cha mkewe kikaamuru.

Hakubishana nacho. Akaongeza nguvu ya injini, akainua pua ya ndege, huku rubani msaidizi akiuarifu mnara. Mgongo wa ndege nyeupe ya Pamba ukapita chini yao karibu kiasi cha kuonekana rangi iliyobabuka. Mmoja akiamriwa apande, mwenzake huamriwa ashuke. Pamba hakushuka hata kidogo, na hapo mkewe akaelewa kwamba alikuwa amekinyamazisha tena kifaa chake. Aliogopa, kisha akakasirika, kisha akazunguka na kutua salama.

Pamba alikuwa anamsubiri kwenye chumba cha marubani, vikombe viwili vya chai mkononi.

"Mama watoto, nimekosa. Lakini tuseme mnara ndio ulinichelewesha kukata kona. Wakijua habari ya kile kifaa, leseni yangu imekwenda na maji."

"Kwa hiyo mwongoza ndege wa watu kule mnarani ndiye aubebe mzigo wako?"

"Ataonywa tu, yatapita. Mimi kazi nyingine siijui. Nakuomba, mke wangu."

Ni kweli hakuijua. Tangu wachumbiane hakuwahi kupenda kitu kama kuruka, na mkewe alimpenda hivyo hivyo alivyo. Akavipokea vikombe, akaviweka mezani.

"Ripoti nimeshaituma, baba watoto. Na mazoea yako nimeyaandika. Niliituma kabla sijashuka kwenye ndege, kwa sababu nilijua nikikuona nitashindwa."