Unga wa Rangi Mbili

Mfuniko wa sufuria uligonga jiwe la jiko kabla jogoo hajawika. Robi alikuwa akichemsha maji ya chumvi ya kuoshea kidonda. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Moyoni hakusikia kitu.

Siku kumi zilikuwa zimepita tangu mumewe, mzee Nyangwine, apasuliwe ngiri. Hospitalini walimchoma sindano moja kabla ya kisu, ya kuzuia kidonda kisioze, wakamwambia inatosha. Arudi kijijini Nyarero, bandeji isifunguliwe wala isilowe. Mzee alirudi amenuna. Fahali akihasiwa, alisema, huchomwa siku tatu. Yeye ni ndama gani wa sindano moja?

Robi alimhurumia. Alinunua dukani vidonge vya rangi mbili, akafungua bandeji, akavipasua na kumwaga unga wote juu ya mshono, kama alivyowafanyia wanawe walipojikata na panga. Unga uliganda, jasho likajikusanya chini yake. Siku ya saba usaha ulitoka.

Nora, nesi wa zahanati, alipouliza nani kaweka unga ule, Nyangwine alijibu upesi kwamba ni yeye. Robi alimwacha abebe lawama. Tangu hapo nesi alikuwa akipita kila asubuhi kabla ya zamu. Jana alichora mstari kwa kalamu kuzunguka wekundu, akasema wekundu ukiuvuka mstari huo, mzee atarudi kupasuliwa upya.

Kulipopambazuka Nora alifika, akaamkia shikamoo, akasugua viganja vyake kwanza ili visimguse mzee vikiwa baridi. Robi aliliona hilo. Nesi aliinama, akatazama kwa muda mrefu.

“Haujavuka,” alisema. “Umerudi nyuma kidogo.”

Robi alingoja furaha. Haikuja. Alijikuta tu akisema, “Unga niliuweka mimi.”

“Najua, bibi. Babu na kitambi hiki, angeuonaje mshono wake?”

“Mama Gati,” mzee alimnung'unikia mkewe, “nilishakubeba, unashuka njiani?”

Nora alicheka kidogo, akaosha kidonda, akafunga bandeji mpya. Hakumkaripia mtu. Robi alimsindikiza hadi mlango wa zizi, akamshika mkono, wala hakujua aanzie wapi kushukuru.

“Kesho pita tena, mwanangu,” alisema. “Hata kama wekundu haujavuka mstari.”