Kitufe cha Tatu cha Winchi

Tangu alfajiri Torunn hakukaa akatulia. Wiki iliyopita kiwanda kilimletea maneno kumi na mawili ya Kiingereza ayatie katika Kinorwe, ya kuandikwa kwenye vibao vya vitufe vya winchi, mashine ya kuvuta nyavu kwa waya, katika meli ya uvuvi. Yalikuja matupu kwenye karatasi, bila picha, kama kawaida yao. La tatu lilikuwa na maana tatu: kulegeza polepole, kuachia kwa mpigo, na kutangaza habari. Akachagua kulegeza. Sasa vibao vimeshachongwa, na meli inaondoka saa sita.

"Ee Bwana, kama nimekosea, waya utamkata mtu," alisema peke yake. Akavaa koti la mvua, akateremka gatini.

Akafika saa tano na nusu, saa ya chakula. Wakati huo kila mtu hufungua karatasi ya mkate wake, na hata mkubwa wa kiwanda hathubutu kumsumbua. Arnfinn, fundi wa winchi, alikuwa akila na Idar, baharia wa sitaha.

"Torunn, umepotea njia ya kanisani?" Idar akamtania.

"Arnfinn, washa winchi. Nataka kuona kazi ya kitufe cha tatu."

"Nikishakula."

"Sasa hivi."

Arnfinn akautazama mkate wake wa jibini ya kahawia. "Hata mke wangu hajawahi kunifanyia hivi."

"Neno lile nilibahatisha."

Miaka ishirini ya kutafsiri, hakuwahi kulikiri hilo mbele ya mtu. Uso ulimwaka moto.

Arnfinn akaacha kutafuna. "Ulibahatisha?"

"Nilibahatisha."

Wakapanda melini. Idar akaenda kusimama kando ya winchi, mahali pake pa kila siku. Torunn akamvuta mkono. "Toka hapo, wewe!"

Arnfinn akabonyeza. Waya ukafyatuka kama uliopagawa, ukachapa sitaha. Idar akaitazama alama nyeupe uliyoiacha kwenye rangi, pale pale alipokuwa amesimama. Utani ulimwisha.

Arnfinn akachukua bisibisi, akakifungua kibao. "Andika neno lenyewe."

Torunn akakigeuza, akaandika nyuma yake neno la kuachia kwa mpigo kwa kalamu ya wino mzito.

"Haya, tukamalizie mkate," alisema Idar kwa sauti ndogo.

Torunn hakusogea. Macho yake yalikuwa juu ya vibao kumi na kimoja vilivyobaki.

"Bonyeza cha kwanza," alisema. "Yote kumi na mawili yalikuja bila picha."

Arnfinn akatoa simu, akampigia nahodha. "Saa sita hatuondoki."