Nyasi Katika Vichupa vya Damu

Jumanne, saa moja asubuhi, Mereana Tupaea aliinua mkia wa ng'ombe namba 214, akachoma sindano kwenye mshipa na kujaza kichupa cha tatu. Ilikuwa Machi, katika mashamba ya maziwa ya Waikato. Mvua ya joto ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, na kuvu lenye sumu inayoua ini lilikuwa limestawi chini ya nyasi.

"Unawachoma bure, daktari," alisema Colin Hathersage, msimamizi wa shamba, huku akiosha sakafu ya banda la kukamulia. "Watazame. Ngozi safi, wanakula kama wamelipwa."

"Ini halipigi kelele, Colin. Ukiona mpaka ngozi inalia, ujue limekwisha. Ndiyo maana tunaiuliza damu."

Alichukua damu ya ng'ombe thelathini. Kufika saa sita, vichupa ishirini na viwili vilikuwa vimeota nyasi, zilezile za malishoni, zenye umande. Mtu wa maabara alimpigia simu kuuliza kama azikate kabla ya kupima, maana zilikuwa zinakwamisha mashine. Mereana akamwambia azikate.

Majibu yalikuja kesho yake. Kwa ng'ombe wale ishirini na wawili, kimeng'enya cha ini kilikuwa kimepanda mara ishirini. Aliandika kwenye fomu: ini limeharibika, nyasi, sentimita tatu. Akaenda shambani na kichupa kimoja mkononi.

"Waondoe kwenye malisho yale leo hii. Wazima wape zinki, iwakinge ini. Wagonjwa waweke kivulini; ini likifa ngozi haistahimili jua, litawababua."

Colin alikinusa kichupa. "Nyasi laini hizi. Ndizo unataka niziache?"

"Zimeota kwenye damu, Colin!"

"Nimeziona. Sasa sikiliza, dada. Nikiwahamisha, maziwa yanashuka. Wakubwa wa kampuni kule Auckland niwaambie nini?"

"Waambie damu imesema."

"Wale wanasoma lita. Damu hawaisomi."

Mereana aliwapigia mwenyewe. Mama mmoja mpole alimsikiliza hadi mwisho, akaomba picha ya nyasi. Akatumiwa. Akajibu kwamba zimependeza.

Jumamosi jua lilitoka, na ng'ombe walikuwa bado palepale. Ngozi nyeupe ya 214 ilibabuka mgongoni na kwenye kiwele, akawa anajipiga mateke tumboni. Malisho yale hayakuwa na mti hata mmoja. Mereana alisimama upande wa jua, akamtandazia koti lake juu kwa juu mpaka mikono ikafa ganzi. Jioni alimdunga sindano ya mwisho. Kumi na mmoja wengine walifuata kabla ya mwezi kwisha.

Colin alilia waziwazi. 214 alimlea mwenyewe kwa ndoo tangu akiwa ndama. Kisha akajifuta uso, akawarudisha waliobaki kwenye malisho yaleyale.

Machi iliyofuata Mereana alikuta boksi bandani, lina jina lake. Kampuni ilikuwa imezisoma fomu zake zote, neno kwa neno. Ndani mlikuwa na vichupa vipya, virefu zaidi, ili nyasi zipate nafasi.