Glavu za Kumpigia Wifi

Jumamosi asubuhi msusi alimaliza kichwa cha mteja wake wa mwisho, akafunga saluni mapema, akaenda kutafuta glavu. Kocha wake wa mapigano alikuwa amemkataza kugusa tena zile za kuazima pale klabuni.

"Sifongo ya ndani imekufa," kocha alimwambia. "Unampiga mwenzio kwa mifupa mitupu. Tafuta zako kabla hujavunja pua ya mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, dereva wa gari la wagonjwa. Wiki iliyopita, wakiwa katika mazoezi ya kupambana, ngumi ya msusi ilitua shavuni mwake, shavu likaumuka kama andazi. Kesho yake kazini wauguzi walimzunguka wakitaka kujua nani kamfanyia hivyo.

"Wifi yangu."

"Mna ugomvi?"

"Ugomvi wa nini? Tunapendana!" Alilisimulia jambo hilo nyumbani huku akicheka mpaka akashika mbavu. Msusi hakucheka. Alikuwa akiliangalia lile shavu.

Dukani, macho yake yaliangukia glavu nyekundu, nyembamba, zilizoacha vidole wazi kama zile za wapiganaji wa kwenye televisheni. Akazivaa, akakunja ngumi. Zilimkaa kama ngozi yake.

"Hizo ni za siku ya pambano," muuzaji alisema. Alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya upole. "Wewe unazitaka za nini?"

"Mazoezi. Tunapigana, tunakabana, tunaangushana."

"Basi rudisha, mwanangu. Glavu ya mazoezi humlindi nayo adui, unamlinda rafiki. Unafanya mazoezi na nani?"

Alipomtaja wifi yake, mzee alitabasamu. "Yule wa gari la wagonjwa? Mwenye glavu kama mito ya kulalia? Alizichukua hapa hapa. Nilimwambia atachoka mikono bure, mtu mzoefu kama yeye. Akaniambia, 'Acha nichoke, baba. Nina mgonjwa wangu nyumbani, nataka kumtoa kitandani. Nikimuumiza siku ya kwanza, harudi tena.'"

Msusi aliketi kwenye kiti cha kujaribia viatu.

Mgonjwa huyo alikuwa yeye. Mimba yake ilipoharibika, ikiwa imeshaanza kucheza tumboni, alijifungia chumbani, akageukia ukuta. Mumewe alibembeleza mpaka maneno yakamwishia. Wateja walihama. Hapo ndipo wifi alipoingia bila kubisha hodi, akafungua dirisha, akasema, "Amka ukanipige. Wifi gani hatamani kumpiga wifi yake kwa ruhusa?" Msusi aliinuka kwa hasira tu. Hakujua kwamba mtu alikuwa ameshapita dukani kwa ajili yake.

"Nipe zile nene," alimwambia muuzaji. "Zote ulizonazo."

Akazijaribu moja baada ya nyingine, lakini hakuzijaribu kwenye kiganja. Alijipiga nazo shavuni. Nyingine mshono wa dole gumba ulikwaruza, akaiweka kando. Nyingine ilikuwa laini, ila vidole havikuweza kukunjika. Alipomkamata mzee mkono, mkono ukamponyoka. Alipofika kwenye jozi moja nyeusi, isiyo na urembo wowote, vidole vilikunjika bila shida, akajipiga kwa nguvu mpaka mzee akashtuka.

"Taratibu! Uso ni wako huo!"

"Hizi," msusi alisema, machozi yakimlengalenga. "Hizi haziumi."

Alimkuta wifi klabuni akijifunga bendeji mikononi, bado na sare ya kazi.

"Hee! Nyeusi? Nilidhani utarudi na zenye maua."

"Wifi, asante."

"Ya nini tena?"

"Ya glavu zako. Mzee ameniambia."

Wifi aliendelea kuzungusha bendeji, akakosea, akaifungua, akaanza upya. Utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Niliogopa," alisema hatimaye. "Kila siku nabeba watu nawakimbiza hospitali. Najua njia zote za mkato. Wewe ulipolala pale, sikujua nikupeleke wapi. Mahali pekee nilipopajua ni hapa."

Msusi alimkumbatia, glavu zikimpigapiga mgongoni. Kocha akapiga makofi kutoka upande wa pili wa ukumbi: "Nyie akina mama, kukumbatiana si mtindo wa mapigano!"

"Ni mtindo," wifi alijibu, akamkamata msusi kiunoni na kumwangusha kwenye mkeka. Msusi alicheka akiwa chali, akashindwa hata kujitetea. Kisha akamzungushia wifi miguu, akamshika mkono kwa vidole vyote vitano, akaanza kumgeuza taratibu.